Watoto wa Meza

Mama Sungura alijua kabla hajafika bandani. Kijivu, jike wake mkubwa, alikuwa amejibana kwenye pembe ya kibanda chake, masikio yamelala mgongoni, na chini yake, juu ya wavu wa waya, manyoya yalikuwa yametapakaa kama pamba ya godoro lililopasuka. Akatua ndoo ya maji. Akainama kuchungulia.

Watoto walikuwa wamezagaa huku na huko, wekundu, bila unyoya hata mmoja, kila mmoja na upande wake. Wengine walikuwa wamepenya kwenye matundu ya waya wakaangukia kwenye kinyesi. Baridi ilikuwa imewamaliza. Mmoja tu alikuwa bado anatikisa mguu. Mama Sungura akamwokota, akamtia kifuani ndani ya nguo, akasimama pale akimpulizia pumzi ya joto kupitia shingo ya gauni, kama mtu anayesemezana na moyo wake mwenyewe.

Kijivu hakuwa na kosa. Alifanya yote ambayo sungura mwenye mimba hufanya siku zake zikifika: alijinyonyoa manyoya ya kifua, akabeba nyasi kavu mdomoni, akazunguka nazo kutwa nzima akitafuta pa kuzirundika. Mahali ndipo palipokosekana. Juu ya waya mtupu kiota hakikai, kama vile kitanda hakitandikwi juu ya uzio. Kile cha zamani kilikuwa kimeoza kwa mkojo. Alichohitaji ni kisanduku kipya cha mbao: cha kumtosha kuingia na kugeuka, kisiwe kikubwa akaja kukifanya choo, kiwe na ukingo mbele ili watoto wasiburuzwe nje wakiwa bado wameng'ang'ania chuchu. Vibao vya ubavuni na kibao cha chini, basi. Kazi ya kumalizwa chai haijapoa.

Na mumewe Mama Sungura alikuwa seremala.

Hapo ndipo palipouma. Angekuwa mke wa mshona viatu, angelia, angefuta machozi, yangeisha. Lakini aliishi kwenye nyumba ambayo maranda ya mbao yalimfuata mpaka kwenye shuka. Mumewe alikuwa amewatengenezea vitanda watu wa mitaa yote, ya juu na ya chini, makabati, viti vya ukumbi wa mikutano, hata jeneza la mzee mmoja aliyekuwa amekorofishana naye. Nyumbani kwake mwenyewe, mlango wa choo ulifungwa kwa kamba.

Jina la Mama Sungura lilianza kwa kebehi. Alikuwa mpishi wa shule, jiko la shule likafungwa, akarudi nyumbani na vyungu vyake. Badala ya kukaa akihesabu mabati akaleta sungura wawili, dume na jike, kutoka kwa binamu yake. Majirani wakacheka. Mumewe akacheka kuliko wote. "Mke wangu ana mchezo wake," aliwaambia wageni. Kisha ukaja mwaka ule ambao watu waliacha kuagiza samani za mbao na kununua za plastiki, karakana ikanyamaza, na ule mchezo ndio uliowalisha. Wafugaji walitoka mbali kuja kuchukua mbegu kwake. Kebehi ikawa heshima, jina likabaki. Seremala hakulitaja jambo hilo mbele ya watu hata siku moja.

Sasa alikuwa mezani anakunywa chai. Kando yake alikaa mama yake, kikongwe mwenye ulimi mkali kuliko patasi, kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa tofali.

Mama Sungura akaingia, akaweka kipande cha ubao mbele ya kikombe cha mumewe. Juu ya ubao alikuwa amewapanga wale watoto kwa safu.

Seremala akaruka nyuma. "Nini hiki? Watu tunakula!"

"Ni kisanduku," mkewe akasema. "Kile ulichosema utakitengeneza kesho. Nimeona nikuletee mwenyewe ukione."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaua?"

"Sijasema hivyo."

"Lakini ndivyo unavyoniangalia." Akasukuma ubao kwa ncha ya kidole, akatafuta macho ya mama yake apate wa kucheka naye. Mama yake alikuwa anatazama chai. "Ah, mama watoto. Sungura watazaa tena. Si ndiyo kazi yao?"

Mama Sungura akapeleka mkono kifuani. Yule wa mwisho alikuwa ametulia. Hakujua ametulia saa ngapi, labda wakati mumewe anatafuta wa kucheka naye. Akamtoa, akamlaza kwenye safu pamoja na wenzake. Alipofungua kinywa sauti yake ilitoka ya chini kiasi kwamba mama mkwe aliinua kichwa. Alikuwa amemzoea akipiga kelele. Hii hakuijua.

"Madoa na Bi Harusi wanazaa wiki hii. Nataka visanduku viwili. Leo."

"Leo nina kazi ya watu. Ile meza ya kioo ya mwenye duka la dawa, si unaiona? Mteja amenikaba koo, hata kupumua sipumui. Kesho asubuhi, kabla sijanawa uso. Neno langu hilo."

"Neno lako nalijua."

"Basi kama unalijua, chukua ubao wako niongeze chai."

Mama Sungura akawazika wale watoto nyuma ya tangi la maji, akaweka jiwe juu mbwa wasije wakawafukua.

Kesho ikaja, na kesho yake ikaja nayo. Mama Sungura hakukaa mikono kifuani. Aliomba boksi la katoni dukani. Bi Harusi akalitafuna upande mmoja na kulikojolea upande wa pili mpaka likawa uji. Akajaribu beseni la plastiki. Madoa akarukia ukingo, likampindukia, akakaa chini yake akigonga miguu kwa hofu. Mbao zilikuwa tele karakanani, lakini karakana ilikuwa na sheria yake. Zana za fundi, alikuwa akisema Seremala, ni kama mswaki: haziazimwi, haziguswi, hata na mke. Kwa miaka yote ya ndoa mkewe aliingia mle kushika ncha ya pili ya ubao mrefu, kisha akaambiwa asante, funga mlango.

Siku ya tatu Seremala alitoka asubuhi na begi lake la zana, akasema anakwenda kufunga fremu za milango kwenye jengo jipya upande wa pili wa mji. Jua lilipopanda, Mama Sungura alipita bandani akamkuta Bi Harusi, yule mweupe pepepe, amejaza nyasi mdomoni mpaka anafanana na mzee wa ndevu. Alikuwa anazunguka kwenye waya wake. Anasimama, anazitua, zinaangukia chini kupitia matundu, anaokota nyingine, anazunguka tena.

Akampigia mumewe simu.

"Ameanza," akasema. "Bi Harusi ameanza kubeba nyasi. Rudi unipigie hata vibao vitatu, utarudi kazini."

"Mke wangu, niko juu ya ngazi hapa! Fremu imening'inia, nikiachia inaua mtu. Nitakuja jioni..."

Nyuma ya sauti yake pakasikika kitu kikigonga ubao, pa! Kisha watu wakalipuka kwa kicheko, na mmoja akapaza sauti wazi kabisa: "Umeliwa, Seremala! Toa kete, toa kete!"

Simu ikakatika.

Mama Sungura alibaki ameishika. Uso ulimwaka, kisha ukapoa, na kule kupoa ndiko kulikomtisha mwenyewe. Mumewe alikuwa kwenye drafti. Alikuwa pale pembeni kwa mziba pancha, chini ya turubai, mwendo wa kutupa jiwe kutoka kwenye banda la sungura wake. Hata hiyo ngazi hakuwa na aibu ya kuibuni.

Akaenda karakanani, akasukuma mlango.

Ndani palinukia gundi na vumbi la mbao. Mbao zilizoegemea ukutani zote zilikuwa ndefu, nzito, za kupasuliwa na watu wawili. Vipande vidogo alikuwa amevichoma yeye mwenyewe jikoni juma lililopita. Katikati ya chumba, juu ya magunia, ilisimama meza ya kioo ya mwenye duka la dawa. Kioo cha kujitazamia kilikuwa bado hakijafungwa, vanishi ilikuwa bado haijapakwa. Mbao zilikuwa nyeupe na safi, zimepigwa msasa mpaka zinateleza. Ilikuwa kazi nzuri. Mumewe akitaka, anaweza, na hilo nalo lilimtia hasira.

"Unatafuta nini humo?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Mbao, mama."

"Za nini?"

"Za kuzalia."

Kikongwe akatazama mbao za ukutani, akatazama chini, akakohoa. "Hizo ndefu zitakusumbua," akasema. "Hiyo ya kioo ndiyo yenye droo za kina."

Mama Sungura akageuka kumtazama vizuri. Uso wa mama mkwe ulikuwa mkavu kama ukuta.

"Mimi macho yangu siku hizi hayaoni," kikongwe akaongeza, akianza kuondoka. "Hata sasa hivi sijui nimesimama wapi."

Zile droo mbili za chini, watoto wa meza kama mumewe alivyoziita, zilitoka kwenye reli zake bila hata kulia. Akazipima kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole na kidogo zaidi. Hata angeagiza zisingekuja hivyo. Akazigeuza, akang'oa vishikio vya shaba, akavipanga vizuri dirishani. Akachukua msumeno wa mumewe, akakata sehemu ya mbele ya kila droo kwa umbo la mwezi mchanga, ili jike apite kwa kuruka na watoto wabaki. Akachukua keekee, akatoboa matundu chini mkojo upate pa kupitia. Mtu hawezi kushika ncha ya pili ya ubao miaka yote hiyo asijue ncha ya kwanza inafanya nini.

Na ilikuwa tamu. Hili hakumwambia mtu, lakini kila mara meno ya msumeno yalipozama kwenye ile mbao iliyolainishwa alisikia raha mpaka kwenye nyayo. Hasira hasara, walisema waliosema. Hawakusema hasara ya nani.

Alipoweka droo ya kwanza kibandani na kutandika maranda na nyasi, Bi Harusi alisogea, akanusa ukingo, akarudi nyuma, akanusa tena. Kisha akaruka ndani. Akafukua kwa miguu ya mbele, akasukuma nyasi kwa pua mpaka pembeni, akatoka, akajaza mdomo, akarudi. Muda si mrefu alianza kujinyonyoa manyoya ya kifua kwa meno, mafungu kwa mafungu, akiyatandika shimoni kwa haraka ya mtu aliyecheleweshwa na wengine. Madoa, kwenye kibanda cha pili, hakunusa hata kunusa. Aliingia akakaa.

Seremala alirudi jioni akipiga mluzi. Mluzi ulikatikia karakanani.

Kilichofuata majirani walikisikia wote, hata waliojifanya wanatwanga. Alitoka mbio na vile vishikio vya shaba mkononi. "Nani? Nani ameingia mle? Ni nani aliyegusa meza ya watu?"

"Mimi," mkewe akasema. Alikuwa amesimama mbele ya banda, mgongo umegusa vibanda. "Ulishukaje kwenye ngazi?"

"Ngazi gani? Nakuuliza droo ziko wapi!" Kisha akaziona. Aliona ule mkato wa mwezi mchanga kwenye mbao yake, aliona matundu, akafungua mdomo ukakataa kufunga. "Umetoa watoto wa meza... umeweka watoto wa sungura?"

"Bado hawajazaliwa. Sema pole pole."

"Umenivunjia kazi! Umenivunjia jina!"

"Jina lako nilisikia wanaliita kwenye simu. Toa kete, Seremala."

Seremala akampita, akafungua kibanda, akatia mkono kuvuta droo. Bi Harusi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwonyesha mtu jino, alimwuma kwenye nyama ya kidole gumba mpaka akaita mama yake. Mama yake, kutoka kwenye kiti chake cha tofali, akauliza kwa upole kama kuna mtu amemwita, maana masikio nayo yalikuwa yameanza kumsumbua.

Seremala akasimama akinyonya kidole, macho mekundu. "Nitachinja wote," akasema. "Kesho asubuhi nachinja banda zima."

"Kesho?" mkewe akasema. "Basi hawana wasiwasi."

Hawakusemeshana tena. Asubuhi Bi Harusi alikuwa amezaa. Mama Sungura aliingiza mkono taratibu ndani ya yale manyoya na kukuta joto, joto kama la mkate uliotoka tanuru sasa hivi, na ndani ya joto hilo miili mingi midogo ikisukumana. Hakuna aliyekufa. Akatoa mkono, akawafunika tena, akalia, na bado alikuwa amekasirika.

Alikuwa hajamaliza kufuta uso gari dogo la mizigo liliposimama langoni. Mwenye duka la dawa alishuka. Alikuwa mwanamke mrefu wa kuvaa nadhifu, na hakuwa amekuja kusalimia.

"Leo naondoka na meza yangu," akasema. "Iwe imepakwa vanishi, iwe haijapakwa. Sitaki kesho nyingine."

Seremala akaanza kukuna kichwa. "Dada yangu, karibu, kaa kwanza..."

Mwenye duka la dawa akataka kuketi kwenye kiti kilicholegea miguu kilichokuwa karibu. "Usikae hapo, mwanangu," mama mkwe akamwonya. "Hicho nacho ni cha kesho."

Wakaenda karakanani. Mama Sungura akawafuata, kwa sababu kukimbia hakukuwa tabia yake. Meza ilisimama pale na mapengo yake mawili. Mteja akaizunguka. Akainama, akatazama ndani ya mapengo, akasimama.

"Droo zangu ziko wapi?"

"Muulize mke wangu," Seremala akasema haraka. "Ana hasira zake. Mimi kazi nilikuwa nimemaliza, dada, ni yeye aliyeiharibu. Kama si yeye, meza ungeipata tangu juma lile."

"Juma lile?" Mama Sungura hakuamini masikio yake.

"Juma lile?" Mteja naye akarudia. "Juma lile uliniambia mbao hazijakauka. Kabla ya hapo ukaniambia umeme umekatika. Mwezi uliopita ukaniambia mkeo anaumwa, yuko hospitali, hata nikakupa dawa za kumpelekea."

Mama Sungura akamtazama mumewe. Yeye hakuwa ameumwa hata mafua mwaka mzima.

"Na mimi," akasema pole pole, "aliniambia hawezi kunipigia vibao vitatu kwa sababu wewe umemkaba koo. Kutwa kucha, anafanya meza yako."

Wanawake wawili wakatazamana. Mama Sungura alitegemea kwamba sasa yule mwenzake angegeuka upande wake. Akageuka, lakini kwa namna nyingine.

"Nakuelewa, dada," mwenye duka la dawa akasema. "Hata ningekuwa mimi ningemvunjia kitu. Lakini mbona ulivunja cha kwangu? Mumeo alikuwa na kitanda chake, alikuwa na redio yake. Kwa meza hii namtayarishia mama yangu chumba, anahamia kwangu, amevunjika nyonga. Ugomvi wenu mmekuja kuumalizia kwenye mali yangu."

Tangu jana Mama Sungura alikuwa amesimama juu ya haki yake kama juu ya mwamba, na kumbe kona moja ya mwamba ule ilikuwa mguu wa mtu.

"Nikuonyeshe zilipo?" akauliza. "Mmoja amezaa leo."

"Sitaki kuona sungura. Nataka droo."

"Utazipata. Leo hii, kabla jua halijazama. Nisamehe wewe. Wewe nimekukosea." Akageuka kwa mumewe. "Yeye sijamkosea."

Mwenye duka la dawa akasema atarudi jioni, na kwamba jioni akikuta maneno badala ya meza atapita mtaa mzima nyumba kwa nyumba akiwasimulia watu. Gari likaondoka.

Wakafanya kazi pamoja siku ile, mume na mke, bila neno. Yeye alipasua, mkewe akashika. Yeye akapiga randa, mkewe akapiga msasa. Hakumwambia asante, funga mlango. Vumbi lilijaa kope zao. Ilikuwa mchana, gundi ya droo ya kwanza ikikauka, ndipo Mama Sungura aliposhindwa kuzuia.

"Hospitali," akasema. "Uliniweka hospitali."

"Nilikuwa sina la kusema."

"Na mimi ulikuwa na la kuniambia? Nieleze kitu kimoja tu. Jeneza la adui yako ulilimaliza kwa siku moja. Kisanduku cha mkeo kimekushinda nini? Usiniambie kesho. Usiniambie muda."

Seremala alikuwa anakaza kibano. Akakaza, akalegeza, akakaza tena. "Unajua wananiitaje pale kwa mziba pancha?"

"Wanakuitaje?"

"Mume wa Sungura." Alilitema kama msumari aliokuwa ameushika kwa meno. "Nikipita: 'Mume wa Sungura, leo mmekula nini?' Mwaka ule kazi ilipokauka kila mtu alijua ni nani anayeleta chakula ndani. Sasa niende nikae hapo nje, watu wanaona, nikiwagongea sungura wako vitanda? Nitakuwa fundi wako. Nitakuwa kibarua wa banda."

Mama Sungura akaacha kupiga msasa. Labda alitakiwa kumwonea huruma. Alijitafutia ile huruma ndani yake, kwa haki kabisa, akaikosa.

"Ulikula," akasema.

"Nilikula nini?"

"Mwaka ule. Ulikula ukashiba, ukaomba mchuzi tena. Hukuona aibu ya kula, umeona aibu ya kupiga misumari. Watoto wa Kijivu wamekufa kwenye waya kwa sababu wavivu wenzako wanakutania kwenye drafti." Sauti ilianza kumpanda. "Na mimi wananiitaje? Mama Sungura! Umewahi kuniona nimejificha? Mbona hujawahi kuwaambia, hata siku moja, ndiyo, mke wangu alinilisha, na nyinyi wake zenu wangewalisha? Maneno hayo yangekugharimu nini? Bora ungeniambia hutaki. Ningejua. Ningepiga mwenyewe tangu mwaka juzi. Lakini kesho, kesho, kesho, kila siku unanipa kesho kama mtu anayerushia kuku punje!"

Alitupa msasa. Ukagonga ukuta, ukaanguka kwenye maranda. Seremala akaenda kuuokota, akaurudisha mbele ya mkewe, akarudi kwenye kibano chake. Hakusema pole. Mkewe akauchukua, na hakumsaidia kuitoa hiyo pole.

Jioni meza ilikuwa tayari, kioo kimefungwa, vanishi bado mbichi. Mwenye duka la dawa alivuta kila droo, akaifunga, akaivuta tena. Wakaipakia. Akiwa tayari kuingia garini alimtazama Mama Sungura, akasema, "Mkono wako mzuri. Hizi za chini ni wewe uliyezipiga msasa," akaenda zake, bila kutabasamu.

Madoa alizaa kesho yake, akazaa salama. Kwa juma zima Seremala na mkewe walizungumza kupitia kwa kikongwe. "Mama, mwambie mwanao chakula tayari." "Mama, mwambie mkwe wako simwoni mtu wa kuniletea maji." Na kikongwe, ambaye macho na masikio yake yalikuwa yamepona ghafla, alifikisha kila ujumbe na kuongeza chumvi yake.

Siku moja Mama Sungura akakuta kisanduku mbele ya banda. Kipya, cha mbao nzuri, pembe zimefungana kama vidole. Hakuna aliyesema kimetoka wapi. Akakipima kwa mkono. Kilikuwa kikubwa mno. Sungura angelala upande mmoja na kunya upande wa pili. Mtu aliyekitengeneza hakuwa ameuliza. Akakibeba mpaka karakanani, akakiweka kwenye meza ya kazi, akatoa nyundo kwenye ndoano yake na kuanza kukifumua ubao mmoja baada ya mwingine.

Seremala aliyekuwa anapaka gundi mlango akageuka. "Unavunja tena?"

"Napunguza." Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia mumewe tangu siku ile. "Kijivu amepandishwa upya. Kuanzia leo visanduku natengeneza mwenyewe, humu ndani. Nataka nusu ya meza hii ya kazi na nataka ufunguo. Na huo msumeno mdogo ni wangu."

"Zana za fundi ni kama..."

"Maliza."

Hakumaliza. Alimtazama mkewe, akatazama ule ubao, ambao Mama Sungura alikuwa ameshauweka kwenye kibano na kuuchorea mstari kwa penseli. Akafuta gundi mikononi. Akaanza kuhamisha makopo yake ya misumari, moja moja, kutoka upande wa dirishani kwenda upande wa ukutani, mpaka nusu ya meza ikawa tupu. Halafu akabaki amesimama.

"Nikushikie ncha hiyo?" akauliza.

"Funga mlango," Mama Sungura akasema. "Upepo unaingiza vumbi."

Akaufunga kwa ndani, akaja kushika.